Mtoto Mwenyewe Ameulizwa? Maisha ya Kamishna Aliyeshtakiwa na Mjukuu Wake

Ndugu, jamaa, majirani na wageni waheshimiwa, karibuni. Watu wazima mliokalishwa kwenye viti vya chekechea, huku magoti yakiwafika kidevuni, familia inawaomba mvumilie. Hatukukosa viti. Viti virefu vipo, vimekaliwa na watoto pale mbele, na hayo ni maagizo ya marehemu mwenyewe. Sababu mtaisikia humu ndani. Mgongo ukianza kuuma kabla hatujafika hapo, basi mjue mmeshaanza kumwelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1948 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji. Alikuwa mtoto wa saba kati ya tisa. Baba yake alikuwa mkata tiketi wa stesheni, na mama yake aliuza vitambaa sokoni. Katika nyumba ya watoto tisa hakuna anayeulizwa chochote. Kitu kikija kinagawanywa, ukichelewa imekula kwako. Alipokaribia kuanza shule, baba yake alitaka kumnunulia viatu. Mzee alikuwa na haraka zake, akachukua kamba akapima mguu uliokuwa karibu, na mguu uliokuwa karibu ulikuwa wa kaka yake mkubwa. Viatu vilipofika nyumbani mama alishika kiuno, baba akasema mguu utakua tu, na mambo yakaishia hapo. Vikajazwa magazeti.

Siku ya gwaride la shule, wanafunzi walipoamriwa kushoto, kulia, kiatu cha kulia kilimchomoka, kikapaa, kikatua kifuani mwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akauliza ni cha nani, ingawa mwenye kiatu kimoja alikuwa mmoja tu uwanja mzima.

"Kwa nini unakuja shule na viatu vya baba yako?"

"Si vya baba, mwalimu. Ni vyangu. Ila mguu wangu haukuulizwa."

Alichapwa kiboko kimoja kwa kurusha kiatu na cha pili kwa kujibu. Mpaka uzeeni alikuwa akisema kile cha kwanza hana kinyongo nacho, lakini cha pili angetamani kukikatia rufaa.

Alisoma shule hiyohiyo ya reli, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1966 akajiunga na chuo cha ualimu. Tusimpambe: hakuwa wa kwanza darasani. Hesabu zilimpiga chenga tangu mwanzo mpaka mwisho, na kushona ndiyo kabisa. Alichokiweza ni kuuliza. Mwalimu wake wa darasa aliwahi kuandika kwenye ripoti maneno mawili, "Anauliza mno," na kwa kuwa haikuwa wazi kama hiyo ni sifa au lawama, yeye aliamua ni sifa.

Januari 1968 alipangiwa kufundisha darasa la wanaoanza, na huko ndiko alikokutana na mume wake, kwa ugomvi. Mwaka 1971 shule iliagiza viti vipya kwa fundi seremala kijana mwenye karakana mtaa wa pili. Fundi akaleta viti vya kuvutia, vimepigwa msasa na kupakwa vanishi. Watoto walipokaa, miguu ikaning'inia hewani.

"Fundi, hivi virudishe."

"Mwalimu, hivi vimepimwa."

"Vimepimwa kwa nani?"

"Viti vya shule huwa hivi."

"Watoto wenyewe wameulizwa?"

Fundi aliondoka amenuna. Kesho yake akarudi na utepe wake wa kupimia, akawapanga watoto foleni, akawapima mmoja mmoja kutoka goti mpaka kisigino, nao wakacheka kwa kutekenywa mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kulalamika. Viti vya pili vilikuwa vifupi hasa. Akitaka kuonyesha uimara wa viti, fundi alikaa kwenye kimoja mbele ya darasa, akashindwa kuinuka, ikabidi watoto wamvute. Hapo mwalimu alicheka, na fundi, kwa maneno yake mwenyewe, akaisha. Kuanzia hapo kiti kimoja kikawa kinang'oka mguu kila Ijumaa, na kila Ijumaa fundi anakuja kuutengeneza. Darasa zima lilijua ni nani anayeung'oa, maana aliwaomba wasiseme. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1972, na kiti cha Ijumaa wakahama nacho. Walijaliwa wana wawili na binti mmoja.

Mwaka 1986 alipandishwa cheo kuwa mkaguzi wa shule. Wakaguzi wengine wakifika shuleni waliomba kuona maandalio ya masomo. Yeye aliomba kuona vyoo, kisha aliingia darasani na kuwauliza wanafunzi. Kwenye vikao, watu wazima wakishakubaliana vizuri kuhusu jambo la watoto, na mwenyekiti ameanza kukusanya miwani yake, marehemu alinyoosha mkono. "Mtoto mwenyewe ameulizwa?" Kikao kilianza upya. Ndiko lilikotoka jina la Mama Ameulizwa, na walimu wakuu walikuwa wakilinong'ona gari lake likionekana getini.

Bunge lilipopitisha sheria ya kuanzisha ofisi ya Kamishna wa Haki za Watoto, aliitwa kwenye usaili. Aliiuliza kamati kama watoto wenyewe wameulizwa wanamtaka nani. Kamati ikaona aibu, ikaita wanafunzi wachache kutoka shule ya jirani. Mmoja wao, kijana mwembamba wa darasa la sita, alikuwa na swali moja tu.

"Na wewe ukitukosea, tutakushtaki kwa nani?"

Kamati ilicheka. Marehemu hakucheka. Alipoapishwa tarehe 3 Februari 2003, kanuni ya kwanza aliyoitunga ni kwamba Kamishna akilalamikiwa, Naibu wake anachukua shauri lote, na katika shauri hilo Kamishna hana ukubwa wowote. Aliitunga kwa moyo mweupe, bila kujua inamsubiri.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi, naye aliishika kwa kichwa. Kamishna hapokei maelekezo ya mtu wala mamlaka yoyote. Anaingia bila miadi popote mtoto anapofundishwa, anapolazwa au anapofungiwa. Anapokea malalamiko ya yeyote aliye chini ya miaka kumi na minane. Ripoti yake inakwenda Bungeni bila kupitia kwa Waziri. Hakimu si yeye, hamfungi mtu wala hamtozi faini. Kazi yake ni kuuliza, kushauri, na kutangaza alichokikuta, na hilo la mwisho ndilo lililowatoa watu jasho.

Mipaka hiyo aliilinda pande zote. Mwanamume mmoja mwenye ndevu za kutosha alifika kulalamika kwamba mama yake anampendelea mdogo wake.

"Una miaka mingapi, baba?"

"Thelathini na nne. Lakini mbele ya mama mimi ni mtoto tu."

"Mbele ya mama, sawa. Mbele ya sheria umechelewa."

Ofisi ya kwanza alipewa ndani ya jengo la Wizara, ghorofa ya nne, kati ya chumba cha katibu muhtasi wa Waziri na jiko la chai. Chai hiyo hakuinywa. Alikuja na chupa yake kutoka nyumbani. Siku moja alifika binti kutoka makao ya watoto ya serikali, makao yaliyokuwa chini ya Wizara hiyohiyo, kueleza kwamba mpishi anawapiga na magodoro yameloa. Mlinzi wa mlangoni, mtu mwenye nidhamu ya kazi, alimuuliza anatoka wapi na amekuja kumlalamikia nani. Alipojibiwa, akapiga simu juu kuuliza kama mkuu wa makao yupo na ana nafasi ya kulalamikiwa. Binti akageuka akaondoka. Marehemu alisimuliwa na mlinzi mwenyewe, tena kwa fahari, kama mfano wa utaratibu mzuri.

Siku ileile alibeba kichwani kiti cha Ijumaa, alichokuja nacho ofisini kutoka nyumbani, akashuka nacho ghorofa zote nne kwa ngazi. Lifti ilikuwepo na ilikuwa nzima. Alisema lifti ni ya Wizara.

Alihamia kwenye chumba kilichokuwa studio ya picha, kati ya duka la vitabu na fundi baiskeli. Mwenye studio alikuwa amechora ukutani maporomoko makubwa ya maji, na juu yake ndege inapaa. Naibu Kamishna, mwanasheria kijana, mwembamba, mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kusema jambo zito, alishauri ukuta upakwe rangi ya ofisi. Watoto wakaulizwa. Ndege ikabaki. Ndiyo maana picha zote rasmi za ofisi ile, na mabalozi na majaji wake, zina maporomoko ya maji nyuma. Yule binti wa makao alirudi, safari hii bila kuulizwa na mlinzi, na kabla ya mwaka kuisha magodoro yalikuwa makavu na mpishi alikuwa mwingine.

Utaratibu wa chumba ulikuwa mmoja. Palikuwa na kiti kikubwa cha mkono, chenye mto, na hicho alikalia mtoto. Mtu mzima alikalia kiti cha Ijumaa. Marehemu alisema ukimsikiliza mtoto huku umemwinamia, unasikia sauti yako mwenyewe.

Mheshimiwa Waziri naye alifika. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti nzuri na mwili wake.

"Karibu ukae, Mheshimiwa."

"Hapa?"

"Hapo. Hicho kikubwa ni cha watoto, wanaweza kuingia wakati wowote."

Waziri alikaa. Alieleza kwa ufasaha kwamba ofisi irudi chini ya Wizara, kwa ajili ya uratibu, lakini ni kazi ngumu kuzungumzia uratibu huku umeshikilia magoti. Marehemu alimjibu kwamba mtoto anayetaka kuilalamikia Wizara hawezi kupita mlango wa Wizara. Waziri alipoinuka, kiti kikainuka naye. Naibu alimshika Waziri, dereva akashika kiti, wakavutana kwa heshima mpaka wakaachana. Picha ya siku ile ipo, na maporomoko yanamwagika nyuma yao.

Mwaka 2005 muswada uliingia Bungeni: ofisi ya Kamishna iwekwe chini ya Wizara, na kila lalamiko lipitie kwanza kwa Katibu Mkuu. Kwa lugha nyepesi, yule binti arudishwe kwa mlinzi. Marehemu alipungua mwili miezi ile. Alizunguka kwa wabunge, akaongea redioni, akarudi nyumbani amechoka, akala amesimama. Na katikati ya hekaheka hiyo, nyumbani kwake mwenyewe, akafanya kosa lake.

Mjukuu wake, mtoto wa binti yake, alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi na babu na bibi yake kwa sababu mama yake, muuguzi, alikuwa kwenye hospitali ya mbali yenye zamu zisizotabirika. Marehemu alimtafutia nafasi katika shule ya bweni, shule nzuri kuliko zote, akanunua sanduku, godoro na sare, kisha akatangaza mezani kwamba Jumatatu ijayo safari. Mjukuu alisema, "Haya, Bibi." Fundi alitazama sahani yake. Marehemu akadhani mambo yameisha.

Jumatatu hiyo haikufika. Ijumaa kabla yake, baada ya masomo, mjukuu aliingia studio akiwa na sare zake za shule ya zamani, akapanda kiti kikubwa, akamwambia Naibu amekuja kulalamika.

"Unamlalamikia nani?"

"Bibi yangu."

"Bibi yako anapatikana wapi?"

"Chumba cha pili. Anakunywa chai."

Naibu alikohoa kwa muda mrefu mpaka Kamishna akatoka kumletea maji. Akamkuta mjukuu wake kwenye kiti. Naibu alipomaliza maji alimwambia bosi wake arudi ndani na afunge mlango, kwa kuwa kuanzia sasa yeye si bosi.

Habari haikukawia. Mchana wa siku iliyofuata Waziri alipiga simu.

"Dada yangu, nimesikia. Haya ni mambo ya nyumbani. Gazeti likiyapata utaanikwa."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nitaongea na kijana wako, shauri lisifunguliwe. Watu wa nyumba moja hatuvuani nguo."

"Na muswada?"

"Muswada tutakaa tuuzungumze. Watu wakisaidiana hawakosi pa kukutania."

Tusidanganyane: alitamani. Aliwahi kumwambia binti yake kwamba alikaa na ile simu sikioni akiona kila alichokijenga kinachekwa mbele yake, Kamishna wa watoto kashtakiwa na mtoto, na neno moja tu la "asante" lingefunika yote. Lakini neno lililotoka lilikuwa lile alilolizoea.

"Mtoto mwenyewe ameulizwa kama anataka shauri lake lifutwe?"

"Ni mjukuu wako huyo."

"Ndiyo maana nauliza, Mheshimiwa."

Shauri likasikilizwa. Marehemu alikalia kiti cha Ijumaa katika ofisi yake mwenyewe, chini ya ndege, na hapo ndipo alipojua Waziri alipitia nini.

"Mlalamikiwa," Naibu alisema, "kabla ya kuamua kumpeleka bweni, ulimuuliza?"

"Nilimwambia."

"Sikuuliza kama ulimwambia."

"Ni shule nzuri kuliko zote. Watu wanalilia nafasi hiyo."

"Hilo halibishaniwi. Ulimuuliza?"

Marehemu alitazama chini, na kutoka kwenye kiti kile chini hakuko mbali. "Sikumuuliza."

Kisha mjukuu aliomba aeleze sababu zake faragha. Marehemu akatolewa nje, akasimama kwa fundi baiskeli akijifanya anaangalia mnyororo. Mlango ulipofunguliwa, alimvuta Naibu pembeni.

"Amesema nini?"

Naibu akakohoa. "Sina ruhusa yake."

"Mimi ndiye niliyekuajiri."

"Kwenye shauri hili wewe ni mlalamikiwa, Mama. Kanuni ulitunga mwenyewe."

Alirudi nyumbani na hasira na fahari kwa pamoja, akaubamiza mlango mara mbili, mara moja kwa hasira na mara moja kwa fahari. Uamuzi ulitoka: lalamiko lina msingi, Kamishna amekosea, na ashauriwe kwenda kumuuliza mtoto kabla ya kuamua lolote.

Akaenda. Aliwakuta karakana. Mjukuu alikuwa ameshika utepe wa kupimia juu ya ubao, anasoma namba kwa sauti, na fundi anapiga mstari pale anapoambiwa. Marehemu alikuwa amewaona hivyo mara nyingi, akapita. Safari hii alivuta kigogo kifupi, akakaa.

"Nimeambiwa nije nikuulize. Unataka kwenda bweni?"

"Hapana, Bibi."

"Kwa nini, mama?"

Mjukuu alimtazama babu yake. Fundi akaweka penseli chini.

"Mwambie."

"Babu haoni namba. Muda mrefu sasa. Mimi ndiye ninayemsomea. Nikienda atajikata na msumeno."

Marehemu alilia pale kwenye kigogo, na hakuficha. Alikuwa ameingia kila makao na kila shule bila miadi, na alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu huyu tangu ndoa, na hakuwa amejua.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza mumewe.

"Ungenipeleka hospitali bila kuniuliza," alisema fundi.

Na kweli angempeleka. Basi akamuuliza, fundi akakubali. Madaktari wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na fundi akataka kujua kama mtoto huyo naye ana haki ya kusikilizwa kabla hajatolewa. Mjukuu alibaki nyumbani. Shule ya bweni ilipata mwanafunzi mwingine, na godoro likabaki la wageni.

Ripoti ya mwaka ilipoandikwa, Naibu alimuuliza mjukuu kama shauri lake liingie. Alikubali, ila la macho ya babu lisitajwe. Bungeni, mbunge mmoja aliyeuunga mkono muswada aliusoma ukurasa mzima wa shauri hilo kwa sauti ya kuigiza, na Bunge likacheka mpaka Spika akagonga meza. Marehemu alikuwa kwenye jukwaa la wageni, mikono mapajani. Kisha mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo asiyependa kelele, akasimama.

"Mheshimiwa Spika, nina swali moja kwa Waziri. Ofisi hii ingekuwa chini yake, habari hii tungeisikia?"

Waziri alisimama. Kwa heshima yake tunaandika hapa kwamba hakudanganya.

"Isingefika, Mheshimiwa Spika. Nilipiga simu mwenyewe ili isifike."

Hakuna aliyecheka tena. Muswada ulikataliwa tarehe 22 Juni 2005, na ofisi ile mpaka leo haipokei maelekezo ya mtu. Waziri alistaafu zamani, na wamekuwa wakitembeleana tangu hapo. Leo yupo nasi, safu ya tatu. Tulimwekea kiti kirefu, akakikataa, akaomba kifupi. Vijana wawili wamepangwa kumsaidia ibada ikiisha.

Marehemu alistaafu mwaka 2011, na aliyemrithi ni yule Naibu, ambaye bado anakohoa. Uzeeni alipenda kulala kidogo mchana kwenye kiti chake cha mkono. Mtoto wa yule mjukuu, kitukuu wake wa pekee, alikuwa akimwamsha kwa kumvuta pua, wakakubaliana wawili hao kwamba hakuna mtu wa nyumba ile atakayeamshwa bila kuulizwa. Kuanzia hapo kitukuu alisimama kando ya kiti, akauliza kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, "Bibi, naweza kukuamsha?" na akarudia mpaka ruhusa ipatikane. Bibi alisema utaratibu umefuatwa.

Mwishoni mwa 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa, na Machi mwaka huu wana wake walikusanyika kando ya kitanda kujadili ahamishiwe hospitali gani kubwa. Mmoja alisema hivi, mwingine alisema vile, daktari akaongeza lake. Mjukuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza, "Ameulizwa?" Marehemu akafungua jicho moja.

"Nilikuwa nasubiri," alisema. "Nipelekeni nyumbani."

Alirudi kwenye chumba kilicho jirani na karakana, akisikia randa ikipita. Tarehe 11 Mei 2024, baada ya chakula cha mchana, alilala kwenye kiti chake. Kitukuu alikwenda kama kawaida yake. Baada ya muda alikuja jikoni, ametulia, akasema, "Nimemuuliza Bibi. Hajajibu."

Jeneza ametengeneza mume wake. Macho yake sasa yanaona vizuri, lakini alimwomba mjukuu ashike utepe na amsomee namba kwa sauti. Walifanya hivyo, na hakuna aliyewaingilia.

Kwa maagizo yake, anaowaacha wanatajwa kuanzia mdogo. Ameacha kitukuu mmoja. Wajukuu watano, akiwemo yule aliyemshtaki, ambaye aliulizwa kama angependa kuwasomea wasifu huu, akakubali, na ndiye mnayemsikia. Wana wawili na binti mmoja. Mume wake, fundi, aliyetengeneza viti mnavyovilalamikia. Na watoto wengi, sasa wengine wana mvi, waliowahi kukalia kile kiti kikubwa na kusikilizwa.

Watu wazima tulibishana kama kitukuu, mwenye miaka mitano, aje mazikoni au abaki kwa jirani. Tulibishana siku nzima kabla mtu hajakumbuka. Alipoulizwa, alisema atakuja, ila asibebwe. Yupo pale mbele, miguu inaning'inia. Tukamuuliza pia tuandike nini hapa mwisho, mahali ambapo wengine huandika maneno yaleyale. Hakufikiri sana.

Lala, Bibi. Hakuna atakayekuamsha bila kukuuliza.